Barabara ya Ambler na milima inayoyeyuka chini kwa chini

Vijito vya safu ya milima ya Brooks, kaskazini mwa Alaska, vinageuka rangi. Maji yaliyokuwa maangavu hata mtu akahesabu mawe ya chini sasa yanateremka na kutu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulitaja vijito 75 vilivyopatwa na hali hiyo, vingi vikiwa mbali sana na barabara, mgodi au kijiji chochote. Hakuna aliyemwaga kitu humo. Ardhi iliyokaa imeganda kwa maelfu ya miaka inayeyuka; maji na hewa vinaifikia miamba yenye pairiti na madini mengine ya salfaidi, yaani yenye salfa ndani yake, na kinachotoka ni tindikali, chuma, na metali ambazo samaki hawazistahimili.

Habari hii ingebaki kwenye majarida ya sayansi lau vijito hivyo visingekuwa katikati ya ugomvi wa miaka mingi. Upande wa kusini wa safu hiyo ndiko jimbo la Alaska, kupitia mamlaka yake ya uwekezaji iitwayo AIDEA, linakotaka kujenga Barabara ya Ambler: kilomita 340 za changarawe kutoka barabara kuu ya Dalton kuelekea magharibi, hadi kwenye eneo lenye shaba, zinki, risasi, fedha, dhahabu na kobalti. Wanaoitaka hutazama maji ya kutu na kusema: mnaona, mito inajiharibikia yenyewe, mgodi usisingiziwe. Wanaoipinga hutazama maji yaleyale na kusema: hiyo ndiyo miamba mnayotaka kuifukua. Kila upande una jambo la kweli ambalo mwenzake hapendi kulisikia. Ila naona zote mbili zinabishana juu ya nchi kana kwamba imetulia, nayo haijatulia, na hilo linaupunguzia uzito upande mmoja kuliko mwingine.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Safu ya Brooks inaenea takriban kilomita 1,100, kutoka karibu na Bahari ya Chukchi upande wa magharibi hadi Yukon, nchini Kanada. Si milima mirefu. Kilele chake cha juu kabisa, Mount Isto, ni mita 2,736. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720, na hapo bado yumo msituni. Kule Brooks miti huishia mita mia chache tu juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo ni mawe, theluji, na mimea isiyovuka kifundo cha mguu. Kinachoamua ni umbali kutoka ikweta, si urefu wa mlima. Upande wa kaskazini ni tundra tupu mpaka Bahari ya Aktiki. Upande wa kusini, katika mabonde ya mito Kobuk na Koyukuk, ndipo unapokomea msitu mkubwa wa misonobari wa kaskazini ya dunia. Ni nchi ya mpakani: msitu unapanda polepole, tundra inarudi nyuma, na wanyama wa pande zote mbili hukutana hapo.

Baridi yake haina mfano Marekani. Prospect Creek, kambi ya zamani ya wajenzi wa bomba la mafuta kusini tu ya safu hiyo, ilipima nyuzi 62 chini ya sifuri tarehe 23 Januari 1971, rekodi ambayo haijavunjwa nchini humo. Mvua na theluji ya mwaka mzima katika mabonde hayo ni kidogo kuliko mvua ya Dodoma. Hata hivyo anayetembea huko majira ya joto huzama topeni hadi magotini, kwa sababu chini ya tabaka jembamba la udongo laini kuna ardhi iliyoganda, maji hayana pa kupenya, na yote hukaa juu kama vinamasi na vidimbwi. Ndiyo maana nchi yenye mvua ya nusu jangwa ina samaki wengi namna ile.

Ardhi hiyo iliyoganda ndiyo inayobeba kila kitu. Inashikilia miteremko isiporomoke. Imefungia kaboni ya mimea ya kale. Imefungia pia zile salfaidi. Kaskazini mwa safu imeganda moja kwa moja bila kukatika. Kusini, ambako barabara ingepita, imeganda vipande vipande, na mara nyingi joto lake liko karibu na sifuri, kiasi kwamba kuondoa majani ya juu au kumwaga changarawe nyeusi kunatosha kuianzisha kuyeyuka. Na hilo ni kabla ya kuhesabu joto la dunia: tangu 1979 eneo la Aktiki limepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia.

Mnyama wa nchi hii ni karibuu, kulungu wa kaskazini ambaye dume na jike wote huota pembe. Kundi la Western Arctic huzalia kaskazini mwa safu, kisha majira ya kupukutika majani huvuka milima kwenda kusini kutafuta likeni, chakula chao cha baridi kali. Mahali paitwapo Onion Portage, kwenye kingo za Kobuk, watu wamekuwa wakiwavizia karibuu wakivuka mto kwa maelfu ya miaka, na tabaka za makaa na zana za mawe zilizofukuliwa hapo ni shahidi. Mwaka 2003 kundi hilo lilikadiriwa kuwa na wanyama 490,000. Mwaka 2023 walikuwa 152,000. Hakuna sababu moja iliyothibitishwa. Mvua inayonyesha juu ya theluji na kuganda huwafungia likeni chini ya barafu, moto wa misitu huchoma likeni ambayo huchukua miongo kadhaa kurudi, vichaka vinatambaa juu ya malisho ya zamani. Biva, wanyama wanaoziba vijito kwa miti na kujenga mabwawa, nao wameingia kwenye tundra. Picha za angani zimeonyesha mabwawa yao zaidi ya 11,000 katika Alaska ya Aktiki, mengi yakiwa magharibi, idadi ambayo imeongezeka takriban mara mbili tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kila bwawa hukusanya joto na kuyeyusha ardhi iliyo chini yake. Nasema haya kwa sababu picha ya Brooks kama mahali ambapo hakuna kilichobadilika, picha inayopendwa sana na wachangishaji fedha wa mashirika ya mazingira, si ya kweli tena.

Sasa sheria. Desemba 1980 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iitwayo ANILCA, iliyotenga maeneo makubwa ya Alaska kwa uhifadhi. Mojawapo ni Gates of the Arctic, hifadhi ya taifa ya takriban kilomita za mraba 34,000 isiyo na barabara wala njia ya miguu iliyochongwa. Lakini sheria hiyohiyo, katika kifungu kimoja, iliiamuru serikali kuruhusu njia ya kufika eneo la madini la Ambler kupitia sehemu ya magharibi ya hifadhi hiyo. Hii si hila iliyobuniwa juzi na wachimbaji. Ilikuwa bei ya maafikiano: Alaska ilipoteza mamlaka juu ya ardhi nyingi, ikaahidiwa mlango mmoja. Anayesema barabara ni uvamizi wa hifadhi anapaswa kukiri kwamba hifadhi ilizaliwa na barabara hiyo kwenye cheti chake. Kinachosahaulika upande wa pili ni kwamba amri ile inahusu kipande kinachopita ndani ya hifadhi tu, kama kilomita 42. Kilomita zilizobaki zinapita ardhi ya jimbo, ya serikali kuu na ya makampuni ya wenyeji, na huko hakuna ahadi ya namna hiyo.

Ndiyo maana kibali kimekuwa kikipanda na kushuka. Kilitolewa 2020 chini ya utawala wa kwanza wa Trump. Mwaka 2022 serikali ya Biden iliiomba mahakama iurudishe uamuzi huo ukachunguzwe upya, na Juni 2024 ikaamua kwamba barabara isijengwe, ikitaja madhara kwa ardhi iliyoganda, samaki, karibuu na riziki ya vijiji. Oktoba 2025 Trump alikubali rufaa ya AIDEA, akaamuru vibali virudishwe, na serikali yake ikatangaza kununua asilimia 10 ya Trilogy Metals, mojawapo ya kampuni mbili zinazomiliki mradi wa madini hayo, kwa dola milioni 35.6. Mwenye kutoa kibali akawa mwenye hisa. Sihitaji kueleza sana kwa wasomaji wa Afrika Mashariki jinsi hilo linavyonuka.

Hoja ya wanaoitaka barabara, ikisemwa vizuri, ina nguvu, na mara nyingi haisemwi vizuri. Hutangulizwa usalama wa taifa na ushindani na China, ambavyo ndivyo dhaifu zaidi. Alaska haina kiwanda cha kuyeyusha shaba. Makinikia yangesafirishwa kwa malori hadi Fairbanks, kisha kwa reli hadi bandarini, na kutoka hapo kwa meli kwenda kuyeyushwa kwingine. Watanzania wanaokumbuka mwaka 2017 wanajua thamani kubwa hubaki wapi makinikia yakishaondoka. Hutajwa pia kwamba ni heri kuchimba Alaska penye sheria kali kuliko kutegemea kobalti ya Kongo, nchi inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani. Sijaona mtu akieleza ni shimo gani la Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, litakalofungwa kwa sababu ya tani za Ambler. Mahitaji yanapanda; migodi ya Alaska ingeongezwa juu ya ile ya Kongo, isichukue nafasi yake.

Hoja yenye nguvu iko kwingine, nayo ni mgodi wa Red Dog. Uko mwisho wa magharibi wa milima hiyohiyo, ni miongoni mwa migodi mikubwa ya zinki duniani, na umefanya kazi tangu 1989. Uligunduliwaje? Miaka ya 1960 rubani wa ndege ndogo aliona kutoka angani vijito vyenye rangi ya kutu. Yaani maji ya machungwa ndiyo yaliyouleta mgodi, wala si mgodi ulioyaleta maji ya machungwa. Kijito cha Red Dog kilikuwa na metali nyingi hata kabla ya jembe la kwanza, samaki wakikikwepa. Mgodi ulipoanza, ulilazimika kuyachepusha maji yanayopita kwenye mwamba wenye madini na kuyasafisha mengine kabla ya kuyaachia, na wataalamu wa samaki wa jimbo wameandika kwamba samaki aina ya grayling wameonekana kutumia sehemu za kijito ambazo zamani hazikuwafaa. Hapa mtetezi wa mgodi ana haki ya kuuliza: kama vijito 75 vinakufa bila mtu yeyote wa kuwajibika, si afadhali kijito chenye mwenyewe, chenye mtambo wa kusafisha maji na kibali kinachoweza kufutwa?

Na kuna fedha. Red Dog iko kwenye ardhi ya NANA, kampuni ya Wainupiaq wa eneo hilo iliyoundwa chini ya sheria ya 1971 ya kumaliza madai ya ardhi ya wenyeji wa Alaska. Sheria hiyo inailazimu kampuni ya kanda kugawana asilimia 70 ya mapato ya maliasili na kampuni nyingine za wenyeji, kwa hiyo zinki ya Red Dog imelisha hata vijiji vilivyo mamia ya kilomita mbali. Wilaya ya Northwest Arctic huutegemea mgodi huo kwa sehemu kubwa ya bajeti yake, shule zikiwemo. Akiba inayochimbwa sasa inatarajiwa kwisha mwanzoni mwa miaka ya 2030. Anayesema hapana kwa Ambler inampasa aseme mwalimu wa Shungnak atalipwa na nani. Vijiji vya juu ya Kobuk, yaani Ambler, Shungnak na Kobuk, hupata mafuta kwa ndege, au kwa tishari maji ya mto yakiruhusu, na lita moja huko ni anasa. Kuna wakazi wa hapo waliofanya kazi kambini kwa watafiti wa madini na wanaoitaka barabara kwa sababu ambazo mtu yeyote aliyekulia kijiji kisichofikika anazijua.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaoandika kana kwamba upande huu ni wa wachoyo tu.

Ila jinsi hoja ya Red Dog ilivyo nzuri, ukiifuatilia mpaka mwisho inageuka. Barabara ya mgodi huo kwenda bandarini ina urefu wa kilomita 84 tu, robo ya ile ya Ambler. Watafiti waliowafuata karibuu waliofungwa mikanda ya shingoni yenye vifaa vya setilaiti waligundua kuwa takriban asilimia 30 yao, walipoifikia barabara hiyo, walisita na kuzungukazunguka kwa wastani wa siku 33 kabla ya kuvuka, wakati wenzao walivuka kwa siku chache. Mwezi mmoja katika safari ya vuli si jambo dogo: mawindo hayafiki kijijini wakati wake, na mnyama hufika kwenye likeni amechelewa. Vumbi la malori nalo limeacha risasi na zinki kwenye mimea ya Cape Krusenstern, eneo la hifadhi ambalo barabara hiyo inalikata. Kwa Ambler, makadirio ya serikali yalifika safari 168 za malori kwa siku wakati wa uchimbaji kamili, na njia ingevuka mito mikubwa 11 pamoja na vijito karibu 3,000, kila kimoja na kalavati au daraja lake. Mto Kobuk wa juu ndipo anapotagia sheefish, samaki mkubwa mweupe anayelisha vijiji vya bonde zima.

Watetezi hujibu kwamba kundi la karibuu lilianguka hata pasipo barabara. Mwaka 1976 walikadiriwa kuwa 75,000 tu, kisha wakaongezeka mara sita. Kweli kabisa. Lakini waliongezeka katika nchi ambayo bado njia zao zote zilikuwa wazi, na kabla ya majira ya baridi yenye mvua kuwa jambo la kawaida. Kundi linalopungua kwa sababu ya hali ya hewa ndilo lisiloweza kubeba mzigo wa pili. Kusema "limeanguka lenyewe, basi barabara haina neno" ni kumwongezea mgonjwa mzigo kwa kuwa hukumwambukiza wewe.

Kisha kuna Dalton. Barabara hiyo ilijengwa mwaka 1974 kwa siku 154, ili bomba la mafuta la kutoka Prudhoe Bay lijengwe. Ilikuwa ya malori ya kazi. Miaka 20 baadaye, Desemba 1994, ilifunguliwa yote kwa umma, na leo wawindaji wa mjini na watalii hufika nayo kaskazini ya milima kwa magari yao. AIDEA inaahidi kwamba Ambler itakuwa ya viwanda pekee, yenye lango, na kwamba baada ya miaka 50 itafukiwa na ardhi kurudishwa ilivyokuwa. Wakazi wa Evansville, Allakaket na Alatna, vijiji vya bonde la Koyukuk, wana kila sababu ya kuona wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Mabaraza ya vijiji hivyo, pamoja na Huslia, Tanana na muungano wao wa Tanana Chiefs Conference, yalikwenda mahakamani mwaka 2020. Zingatia kwamba vijiji hivi ni vya Wakoyukon hasa, wenyeji tofauti na Wainupiaq wa NANA, upande ambao barabara ingepita bila mgodi kuwepo. Malori yangewapita, mapato yangekwenda mbele.

Lililonishtua zaidi, hata hivyo, ni msimamo wa NANA. Ndiyo iliyoonja faida ya Red Dog, na mwaka 2011 iliingia makubaliano ya kushirikiana katika madini ya Ambler, ambako akiba ya Bornite iko kwenye ardhi yake. Mei 2024 ilitangaza kuwa haitaongeza kibali cha AIDEA kutumia ardhi yake, ikilalamikia mashauriano hafifu na masharti yake kutotimizwa. Kampuni inayojua hesabu za mgodi kuliko mtu mwingine yeyote wa kanda hiyo iliangalia mradi huu ikarudi nyuma. Ukiniuliza ushahidi mmoja wa kumpa mtu asiye na upande, ningempa huo kabla ya takwimu za karibuu.

Sasa turudi kwenye ardhi yenyewe, kwa sababu ndiyo inayokata shauri kwangu. Hoja nzima ya kuchimba kwa usalama inasimama juu ya vitu vinavyotakiwa kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu: tuta la barabara, kalavati zisizozibwa na barafu, bwawa la mabaki ya mgodi linalozuia tindikali miaka mingi baada ya wachimbaji kuondoka. Wahandisi wa kaskazini ni hodari, na wana mbinu: tuta nene, povu la kuzuia joto, mabomba ya kutoa joto ardhini. Lakini mbinu hizo zilibuniwa kulinda ardhi iliyoganda dhidi ya barabara, si barabara dhidi ya ardhi inayoyeyuka kila mahali kwa wakati mmoja. Kwenye Dalton tayari kuna maporomoko ya polepole ya udongo ulioganda, yanayoteremka kutoka mlimani kuelekea barabarani mwaka hadi mwaka. Mwaka 2018 kipande cha barabara hiyo kilibidi kuhamishwa kukwepa mojawapo. Hiyo ni barabara ya mafuta, yenye mlipaji tajiri nyuma yake. Ya Ambler inatakiwa kujilipia kwa tozo za kampuni za madini ambazo hazijafungua mgodi hata mmoja huko. AIDEA ingekopa kwa hatifungani, na mapato yasipotosha, jimbo ndilo litakalobaki na tuta linalodidimia.

Red Dog yenyewe imeonja jambo hili. Miaka ya karibuni, maji ya asili yanayoingia kwenye kijito juu ya mgodi yamekuwa na chumvi na madini zaidi kwa sababu ardhi ya huko inayeyuka. Kibali cha mgodi kinahesabu jumla ya chumvi mtoni, kwa hiyo kila kijito kilipochafuka chenyewe, mgodi uliruhusiwa kuachia maji machache zaidi, ukalazimika kuyahifadhi na kutumia mamilioni ya dola kujenga nafasi zaidi. Hapo ndipo hoja ya "afadhali kijito chenye mwenyewe" inapopata kikomo. Mtambo wa kusafisha maji ulipangwa kwa kijito cha 1989. Ambler ingepangwa kwa kijito kipi? Mto Salmon, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kobuk Valley, ulikuwa safi hadi miaka michache iliyopita. Ulianza kuchafuka 2019, na uchambuzi uliochapishwa 2025 ulikuta metali zimevuka viwango vya usalama kwa viumbe wa majini. Vipimo vilivyochukuliwa kabla ya mabadiliko hayo haviwezi tena kuwa msingi wa kumwambia mchimbaji "usizidishe hapa", wala wa kumshtaki akizidisha. Kampuni isiyo mwaminifu itapata kisingizio kilichoandaliwa tayari: si sisi, ni joto. Na kampuni mwaminifu haitaweza kujitetea.

Wapo watakaosema kwamba kwa mantiki hiyo hakuna kitakachojengwa tena kaskazini. Sisemi hivyo. Nasema mradi wenye urefu wa kilomita 340 katika ardhi ya aina hii unapaswa kubeba mzigo wa uthibitisho mkubwa kuliko uliobebwa, na kwamba kuurudisha kibali kwa amri ya rais, bila kupima upya vijito vilivyobadilika, ni kuukwepa mzigo huo. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha ilizuia barabara ya lami kupita kaskazini mwa Serengeti, na moja ya mambo yaliyoonekana wazi kwenye kesi ile ni kwamba njia ya wanyama wanaohama haina mbadala ukishaikata. Tofauti ni kwamba Serengeti kulikuwa na mazungumzo ya njia ya kusini, inayozunguka hifadhi na kufikia watu wengi zaidi. Ambler haina kusini ya kweli: njia nyingine zilizopimwa zilikuwa ndefu zaidi na zilikata makazi ya baridi ya karibuu na mabonde ya vijiji vingine.

Upande wa uhifadhi nao una deni lake, na sijaona ukilipa. Kushinda kesi si kuleta mafuta Shungnak. Kama akiba ya Red Dog inaisha mwanzoni mwa miaka ya 2030, wilaya ile itahitaji mapato mapya kabla ya watoto walioko darasa la kwanza leo kumaliza shule. Mashirika yanayotuma wanasheria kutoka Anchorage na Washington yanaweza kudai fidia ya maji yaliyoharibiwa na joto, maana joto hilo halikutengenezwa Kobuk. Yanaweza kushinikiza ruzuku ya nishati, vipimo vya maji ya kunywa katika kila kijiji kilicho chini ya vijito vya kutu, na nafasi za kazi kwa wenyeji katika vipimo hivyo. Kusema tu kwamba nyika ibaki nyika kunamwacha mkazi wa hapo na mto mchafu, karibuu wachache, na lita ya mafuta ghali.

Kwa sasa vibali vimerudi, na ugomvi utaendelea mahakamani na kwenye ofisi za hatifungani. Ningekuwa kwenye chumba hicho ningedai jambo moja kwanza kabla ya changarawe kumwagwa: dhamana ya fedha taslimu, itolewe na kampuni za madini na si jimbo, inayotosha kuing'oa barabara yote na kusafisha maji kwa miaka mingi baada ya mgodi kufungwa, ikikadiriwa kwa ardhi inayoyeyuka na si kwa ardhi ya 1980. Kama mradi unaweza kuilipa na bado ukabaki na faida, nitaisoma tena hoja ya wanaoutaka kwa jicho jingine.